IR za spika: Namna ya kuchagua bila kuzama katika maelfu ya faili

MPIGA gitaa wa kwaya katika kata ya Nyakitonto, wilayani Kasulu, akitaka kurekodi wimbo siku hizi, halazimiki tena kulibeba gitaa lake hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Kompyuta ndogo, kifaa cha kuingizia sauti na programu ya kurekodia vinatosha kukigeuza chumba kimoja kuwa studio. Kinachokosekana mara nyingi ni amplifaya ya gitaa yenye spika yake, pamoja na kipaza sauti kizuri cha kuwekwa mbele ya spika hiyo. Kwa sababu hiyo gitaa huchomekwa moja kwa moja kwenye miksa, na matokeo yake yanajulikana: sauti nyembamba, kali, inayolia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo.

Dawa ya tatizo hilo ipo, haina uzito na inakaa kwenye flashi. Ni faili ndogo ya sauti ambayo wapigaji na mafundi wa studio huiita kwa kifupi IR, yaani mwitikio wa spika uliorekodiwa. Faili hiyo hubeba tabia ya boksi fulani la spika, kama lilivyosikika kupitia kipaza sauti fulani kilichowekwa mahali fulani. Gitaa lililochomekwa kwenye kompyuta likipitishwa humo, husikika kana kwamba limepigwa kupitia boksi hilo.

Shida ni kwamba dawa yenyewe imegeuka kuwa maradhi mengine. Faili hizi hazitolewi moja moja. Hutolewa kwa mafurushi ya mamia, na kijana aliyetumia bando lake kupakua mafurushi matatu anaweza kujikuta na faili zaidi ya elfu moja zenye majina yanayofanana na namba za magari. Usiku wa kurekodi unakwisha, kwaya imechoka kusubiri, na yeye bado anabofya faili moja baada ya nyingine bila kujua anatafuta nini. Wengi huishia kurudi kwenye sauti ile ile ya kopo.

Spika ni sehemu ya ala

Watu wengi hudhani kuwa sauti ya gitaa la umeme hutoka kwenye gitaa na amplifaya, na kwamba spika inapitisha tu kilichokwishatengenezwa. Sivyo. Spika ya gitaa, kwa kawaida yenye upana wa inchi 12, ni kifaa chenye upungufu wa makusudi. Spika za ukumbini hujitahidi kutoa kila kitu, kuanzia mlio mzito wa ngoma hadi mchakacho wa kayamba, ambao hupanda kufikia Hz 15,000 na kuendelea. Spika ya gitaa huanza kukata tamaa ikipita Hz 5,000 hivi, kisha huporomoka haraka. Nayo huinua sauti za kati, zile zinazolifanya gitaa lisikike kama linazungumza.

Uzi mnene wa gitaa, ukiwa haujabanwa, hulia kwa takriban Hz 82. Kati ya hapo na Hz 5,000 ndipo lilipo karibu gitaa lote ambalo sikio la mwanadamu limelizoea. Kilicho juu ya hapo, hasa mpigaji anapotumia sauti ya kukwaruza ambayo vijana huiita disto, ni mchakacho mtupu. Gitaa likichomekwa moja kwa moja kwenye miksa, spika za ukumbini huutoa mchakacho huo wote kwa uaminifu mkubwa. Nyuki wa kwenye kopo anatoka huko.

Wasikilizaji wa Tanzania wana kumbukumbu ya sauti nyingine. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi zilikuwa na mahali pachache sana pa kurekodia, na pakubwa kuliko pote palikuwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Humo zilipita NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Orchestra Maquis, na baadaye Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978. Vifaa havikuwa vingi, lakini gitaa la solo, la pili na la rithim yalipita kwenye amplifaya, yakatoka kwenye spika, yakavuka hewa ya chumba, ndipo yakafika kwenye kipaza sauti. Msikilizaji anaposema magitaa ya zamani yalikuwa na utamu, sehemu ya utamu huo ni vidole vya wapigaji, na sehemu yake ni safari hiyo fupi ya sauti kutoka kwenye karatasi ya spika hadi kwenye kipaza sauti. IR ni rekodi ya safari hiyo.

Kasulu ina sababu zake za kulijali jambo hili. Ni makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana, na ni wilaya yenye makanisa mengi na kwaya zake. Katika wilaya hiyo hiyo ipo kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wakiwa wametokea Kivu Kusini, watu waliokuja na nyimbo zao na namna yao ya kupiga gitaa. Mtindo huo hutegemea magitaa mawili au matatu yanayojibizana. Yakiwa yote na sauti ile ile nyembamba, hayajibizani tena, yanagombana. Ndiyo maana kwa eneo kama hili uchaguzi wa spika ni suala la wimbo kueleweka au kutoeleweka, zaidi ya kuwa pambo la mafundi.

Jinsi faili inavyopatikana

Mtengenezaji wa IR huchukua boksi la spika, hulipeleka mbele ya kipaza sauti, kisha hulipigia mlio mmoja unaopanda taratibu kutoka sauti nzito kabisa hadi nyembamba kabisa, kwa kawaida kuanzia Hz 20 hadi Hz 20,000. Kompyuta hulinganisha mlio uliotumwa na ule uliorudi. Tofauti baina yao ndiyo tabia ya spika, kipaza sauti na nafasi iliyokuwa kati yao. Namna bora ya kutumia mlio huo wa kupanda ilielezwa mwaka 2000 na Angelo Farina wa Chuo Kikuu cha Parma, Italia, na imeendelea kutumika hadi leo.

Matokeo ni wimbi fupi ajabu. Faili yenye sampuli 2,048, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ina urefu wa milisekunde 43 tu na uzito wa takriban KB 6. Mtu akiifungua ili aisikilize, atasikia kishindo kidogo kama cha kidole kinachogonga meza, na anaweza kudhani ameuziwa faili mbovu. Haikutengenezwa isikilizwe. Programu huichukua na kulipitisha gitaa ndani yake kwa hesabu nzito ambayo kompyuta za zamani zisingeiweza papo kwa papo. Sony ilitoa mtambo wa mwangwi uliotumia hesabu hiyo mwaka 1999, kwa bei ambayo ni studio kubwa tu zilizoimudu. Kwa wapiga gitaa, mlango ulifunguka na mtambo wa Axe-Fx wa kampuni ya Fractal Audio mwaka 2006, na mwaka 2017 hata Celestion, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1924 na ambayo spika zake zimo ndani ya maboksi mengi ya gitaa duniani, ilianza kuuza IR za spika zake yenyewe.

Leo programu kadhaa za kuzipakia zinapatikana bure, ikiwamo NadIR ya kikundi cha Kiitalia cha Ignite Amps, inayopakia faili mbili kwa wakati mmoja. Neural Amp Modeler, inayoiga amplifaya na kupokea IR, nayo ni ya bure. Aidha, pedali nyingi za bei nafuu kutoka China zina nafasi chache za kuhifadhi faili hizi, na uchache huo, kama itakavyoonekana, ni baraka.

Kwa nini ziko nyingi hivyo

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mtengenezaji akiwa na spika nne, vipaza sauti vitano, nafasi tisa za kuviweka na umbali wa aina tatu, anapata faili 540. Mpigaji akizipa kila moja sekunde 20 tu, atatumia saa tatu bila kupumzika. Na kama anapenda kuchanganya faili mbili mbili, kama wengi wanavyoshauriwa, michanganyiko inayowezekana ni 145,530. Kuisikiliza yote kwa sekunde 20 kila mmoja kungechukua zaidi ya siku 33, usiku na mchana.

Kabla ya muda kwisha, sikio litakuwa limekwisha. Sikio huzoea haraka kile linachopewa. Sauti kali iliyoudhi saa mbili usiku huonekana ya kawaida saa tatu, na faili nzuri iliyokuja baada yake huonekana butu. Kesho yake asubuhi mpigaji anashangaa nani alichagua ile. Hivyo anayejaribu kuwa mwangalifu kwa kusikiliza zote ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuchagua vibaya.

Zaidi ya hayo, nyingi kati ya faili hizo hazitofautiani kwa namna ambayo msikilizaji wa kawaida angeitambua baada ya ngoma, besi na waimbaji ishirini kuingia. Tofauti kubwa huletwa na mambo matatu: aina ya spika, mahali kipaza sauti kilipoelekezwa, na aina ya kipaza sauti chenyewe. Mpangilio huo si wa bahati mbaya. Anayeanza kwa kubishana kuhusu kipaza sauti kabla hajajua anataka spika gani ameanzia mwisho.

Kusoma jina la faili

Majina yale yanayotisha yana mpangilio. Namba kama 1x12, 2x12 na 4x12 hueleza idadi ya spika ndani ya boksi na upana wake kwa inchi. Maboksi ya spika nne huwa yamefungwa nyuma, mfano wa Marshall, na hutoa sauti yenye kishindo, inayosukuma mbele. Yenye spika moja au mbili mara nyingi huwa wazi nyuma, kama Fender Twin Reverb au Vox AC30, na sauti yake hutawanyika, ina hewa, haina uzito mwingi chini.

Kinachofuata ni spika. Alama G12M humaanisha spika ya Celestion yenye mgongo wa kijani, ya wati 25, yenye sauti za kati laini na zilizojaa. V30 ni Vintage 30, iliyotoka mwaka 1986, kali zaidi katika sauti za kati za juu na inayopendwa na wapigaji wa roki nzito. C12N ni ya Jensen, jina la Kimarekani, na hung'aa kwenye sauti safi. Alama JC mara nyingi humaanisha Roland JC-120, amplifaya ya Kijapani iliyoanza kuuzwa mwaka 1975 na ambayo sifa yake kubwa ni usafi wa sauti.

Halafu hufuata kipaza sauti. Namba 57 ni Shure SM57, kilichotoka mwaka 1965, kinachokata na kusikika hata nyimbo ikijaa. Namba 121 ni Royer R-121 cha mwaka 1998, cha utepe, laini na chenye giza kidogo. Namba 421 ni Sennheiser MD 421 cha mwaka 1960, kinene kuliko 57. Mwenye haraka aanze na 57, kwa kuwa idadi kubwa ya magitaa anayoyafahamu kwenye rekodi yalipita hapo, na sikio lake tayari linaijua sauti hiyo hata kama yeye hajui.

Mwisho wa jina hutaja nafasi, na hapa ndipo wengi hupita bila kusoma. Kipaza sauti kikitazama kofia ndogo iliyo katikati ya spika, sauti huwa kali kupindukia. Kikisogezwa hadi ukingo wa kofia hiyo, sauti hutulia. Kikitazama karatasi yenyewe kuelekea pembeni, hupata giza na joto. Sentimita mbili au tatu hubadilisha sauti kuliko kubadilisha amplifaya nzima. Faili zilizoandikwa “Cap” ni za katikati, “Edge” za ukingoni, na “Cone” za kwenye karatasi. Umbali nao una kanuni yake: vipaza sauti vya aina hii huongeza uzito wa chini kadiri vinavyoikaribia spika, na vikiwekwa mbali huleta pia sauti ya chumba.

Mtu akiyajua haya, anaweza kupunguza faili 540 hadi tano au sita bila kusikiliza hata moja.

Kuanzia kwenye wimbo

Kosa linalorudiwa sana ni kuanza na furushi la faili badala ya wimbo. Wauzaji hupamba mafurushi yao kwa picha za amplifaya zilizopata umaarufu mikononi mwa wapigaji wa roki wa Uingereza na Marekani. Picha hizo hazimsaidii mtu mwenye wimbo wa sifa unaoishia kwenye sebene.

Gitaa la solo katika mtindo wa Kikongo hupigwa juu, kwenye nyuzi nyembamba, kwa sauti safi na ya kasi. Likipewa spika inayong'aa na kipaza sauti kilichoelekezwa katikati, litachoma masikio. Mahali pazuri pa kuanzia ni boksi la spika mbili lililo wazi nyuma, lenye Jensen au la JC-120, na SM57 kwenye ukingo wa kofia. Gitaa la pili, lile linalolijibu solo, lipewe spika tofauti kabisa, kwa mfano G12M, ili sikio liweze kuyatenganisha hata yanapokuwa kwenye noti zinazokaribiana. Rithim, kwa upande wake, halihitaji kuwa zuri likiwa peke yake. Faili nyembamba yenye uzito mdogo chini humwachia nafasi mpiga besi, na ndani ya wimbo husikika safi, ingawa likipigwa pekee lingeonekana la kimaskini.

Hilo la mwisho linawakwaza wengi. Mpigaji huchagua IR akiwa peke yake chumbani, hujikuta amependa ile iliyonenepa na kujaa, kisha besi na ngoma vikiingia, gitaa linapotea kwenye tope. Dawa ni kurekodi kwanza sekunde 30 za gitaa kavu, bila IR, zenye noti moja moja, kodi na kipande cha sebene, kuziweka zijirudie pamoja na ngoma, besi na sauti za waimbaji, ndipo kubadilisha faili moja baada ya nyingine. Vidole vinapumzika, masikio yanafanya kazi.

Sauti zote zinazoshindanishwa ziwe na kimo kimoja. Sikio la mwanadamu huchukulia kilicho juu kuwa ndicho bora, hata tofauti ikiwa ndogo kiasi cha desibeli moja au mbili ambazo mtu hawezi kuzitambua kama kelele zaidi. Faili hizi hutofautiana sana kwa nguvu, na furushi lililotengenezwa likiwa na sauti ya juu litashinda kwa sababu hiyo tu. Anayeweza kumpata mwenzake wa kubofya huku yeye ametazama pembeni, afanye hivyo. Jina la spika maarufu lina uwezo wa ajabu wa kuboresha sauti pale linapoonekana kwenye kioo.

Nusu saa inatosha. Baada ya hapo, zilizobaki mbili au tatu ziachwe hadi kesho yake, zisikilizwe kwenye vile vitu ambavyo watu wa Kasulu na Kibondo watausikilizia wimbo: simu, redio ndogo, spika ya kwenye basi. Spika ya simu haitoi karibu chochote cha sauti nzito, kwa hiyo gitaa lililochaguliwa kwa unene wake litakuwa limebaki bila mwili. Lililo na sauti za kati zilizo wazi litasalimika.

Kwenye ukumbi wa bati

Kurekodi ni jambo moja, kupiga ibadani ni jingine. Kanisa la kuta za tofali na paa la bati hurudisha sauti kali kwa nguvu, hasa likiwa na watu wachache. IR iliyopendeza kwenye hedifoni inaweza kuwa kisu humo ndani. Kwa matumizi hayo inafaa kuandaa faili ya pili iliyo na giza zaidi, kwa mfano ya kipaza sauti kile kile kikiwa kimesogezwa kwenye karatasi, na kukata kwa ikwalaiza kila kilicho juu ya Hz 6,000 au 7,000. Chini nako, kukata kuanzia Hz 100 kunamwondolea fundi wa mitambo muungurumo ambao ungegombana na besi. Mara nyingi vipimo hivyo viwili vya kukata hufanya kazi ambayo mpigaji alikuwa akiitafuta kwenye faili mia tatu nyingine.

Hata hivyo, yapo makosa ya kiufundi yanayoweza kuifanya faili nzuri isikike mbaya, na ni vyema kuyaondoa kabla ya kuilaumu. La kwanza ni kupitisha gitaa kwenye spika mbili. Pedali na programu nyingi za kuigiza amplifaya zina spika yao ndani. Isipozimwa, IR inaongezwa juu yake na sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi. Hali ni hiyo hiyo pedali yenye IR inapochomekwa kwenye amplifaya halisi ya gitaa. Mpangilio sahihi ni gitaa, pedali, kiigizo cha amplifaya, IR, kisha mwangwi na miksa.

La pili ni kasi ya sampuli. Faili iliyotengenezwa kwa 48,000 ikisomwa kana kwamba ni ya 44,100, tabia yote ya spika hushuka kwa takriban asilimia 8, na boksi linasikika kubwa na zito kuliko lilivyo. Programu nyingi hurekebisha zenyewe. Baadhi ya pedali hazifanyi hivyo, na maelekezo yake husema zinahitaji kasi gani.

La tatu huwapata wanaochanganya faili mbili. Vipaza sauti viwili vilivyotofautiana umbali kwa sentimita 10 hupokea mlio kwa tofauti ya milisekunde 0.3 hivi. Tofauti hiyo ndogo inatosha kufuta sauti kwenye eneo la Hz 1,700, katikati kabisa ya gitaa. Mafurushi mazuri huwa yamesawazishwa, lakini faili za watengenezaji wawili tofauti hazina dhamana hiyo. Asiyeridhika na faili moja mara nyingi hataridhika na mbili.

Aidha, gitaa la besi lisipitishwe kwenye IR za gitaa la kawaida, na gitaa kavu lenye kinasa sauti chini ya daraja lina IR za aina yake, zilizonasa gumba la gitaa badala ya boksi la spika. Kuzichanganya ni kupoteza muda.

Zisichoweza kufanya

IR hunasa tu namna spika inavyopunguza na kuongeza sauti mbalimbali. Hainasi jinsi karatasi ya spika inavyokwaruza ikisukumwa kupita uwezo wake, wala jinsi sauti inavyojibana yenyewe pale amplifaya inapofunguliwa mpaka mwisho. Haimpi mpigaji ule upepo unaogonga miguu anaposimama mbele ya boksi, na wapo wakongwe wanaosema bila huo hawawezi kupiga. Wana hoja. Lakini anayelinganisha IR na boksi halisi lililo pembeni yake ana bahati ambayo wengi hawana. Kwa wengi, mbadala wake ni waya uliochomekwa kwenye miksa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halizungumzwi vya kutosha. Karibu IR zote zinazouzwa ni za maboksi ya Ulaya, Marekani na Japani yaliyorekodiwa katika studio za huko. Maboksi yaliyopiga katika kumbi na makanisa ya Afrika Mashariki, yakiwemo yale yaliyochongwa na maseremala wa mitaani na kuwekwa spika yoyote iliyopatikana, hayamo. Mengi yapo bado kwenye stoo za makanisa na kumbi, yakisubiri panya wamalize karatasi.

Kuyanasa hakuhitaji mtambo mkubwa. Programu ya Room EQ Wizard, inayopatikana bure, hutoa mlio wa kupanda, hupokea kinachorudi na huhifadhi matokeo kama faili ya WAV. Kinachohitajika zaidi ni kipaza sauti kimoja, kifaa cha kuingizia sauti, na amplifaya ya nguvu isiyo na rangi yake ya kulisukuma boksi. Chumba kiwe na vitu vya kumeza sauti, magodoro yanatosha. Sauti isiwe juu mno, kwa kuwa karatasi ikianza kukwaruza, vipimo vinaharibika. Kipaza sauti kianzie kwenye ukingo wa kofia, kisogezwe nafasi tatu, si tisa, na kila faili iandikwe jina linaloeleweka: boksi la nani, spika gani, nafasi ipi. Ubovu wa boksi usirekebishwe. Kama sauti za juu zimekatika kwa sababu karatasi imechoka, hiyo ndiyo sauti ambayo watu waliijua.

Faili itakayopatikana ni ndogo na inaweza kutumwa kwa simu kutoka Nyakitonto hadi popote. Anayeituma kwa WhatsApp aitume kama hati, asiitume kama sauti, kwani ikitumwa kama sauti inaweza kubanwa au kubadilishwa aina, na pedali ya mpokeaji ikashindwa kuisoma.